Klasta ya Kubernetes kwenye simu: zana ndogo, bando dogo, hatari kubwa

Ukikaa Nyakahura au Benaco umeshazoea. Usiku na mchana malori ya makontena yanapita kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda mpaka wa Rusumo, Ngara, kuingia Rwanda. Ndani kuna nguo au simu, dereva hana haja ya kujua. Kontena ni kontena.

Watengeneza programu waliiga wazo hilohilo: programu inafungwa pamoja na kila inachohitaji, kisha inawashwa kwenye seva yoyote. Makontena yakifika mamia anatakiwa msimamizi wa kuyapanga, na msimamizi maarufu ni Kubernetes, mfumo uliotangazwa na Google mwaka 2014. Jina ni la Kigiriki, mshika usukani wa chombo. Watu wa pwani wangesema nahodha. Kundi la seva analoliendesha ndilo klasta.

Kwa nini uandike amri wakati kuna kurasa za kubofya? Kwa huku kwetu, jibu la kwanza ni mtandao. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Watanzania wengi walionja intaneti ya kinyonga. Ukurasa wenye grafu unakula bando. Majibu ya amri ni maandishi matupu.

Zana mama ni kubectl. "kubectl get pods" inaorodhesha podi, yaani vifurushi vya kontena moja au zaidi. "describe" inakueleza kwa nini podi imegoma. Kontena likizima na kujiwasha tena, ongeza "--previous" kwenye "kubectl logs" usome lilisema nini kabla ya kufa. Wengi wanasoma logi mpya na kushangaa hazina kosa. Toleo jipya likivuruga mambo, "kubectl rollout undo" inarudisha la zamani.

Podi zikiwa nyingi, stern inafuata logi zake zote kwa pamoja, kila podi na rangi yake. Nayo k9s inakupa klasta nzima kwenye skrini moja ya maandishi, unatembea kwa vibonye. Kama unajifunza, iwashe kwa "k9s --readonly" ili usifute kitu kwa bahati mbaya.

Sasa hatari yenyewe. Mafundi wengi wana klasta mbili: ya majaribio, na ile inayohudumia wateja. kubectx inakuhamisha kati yake kwa neno moja. Tamu sana. Ila chaguo hilo huandikwa kwenye faili moja la mipangilio, na madirisha yako yote yanalisoma faili hilo. Ukihamia klasta ya wateja kwenye dirisha la kwanza, la pili nalo limehama, kimyakimya. Ukirudi pale na kuchapa "kubectl delete namespace" ukidhani uko kwenye majaribio, kila kilichomo kwenye sehemu hiyo ya klasta kinaondoka, na kwa kawaida amri hiyo haikuulizi mara mbili.

Dawa ni kube-ps1, inayoonyesha jina la klasta uliyopo pembeni mwa sehemu ya kuandikia. Mimi naona hii ifungwe kabla hata ya kubectx. Au lipe kila dirisha faili lake kupitia KUBECONFIG.

Huna kompyuta? Kwenye Android, Termux inakuwezesha kuweka kubectl: "pkg install kubectl". Kumbuka tu kwamba faili la mipangilio ni funguo, na simu huibiwa stendi. Omba ruhusa ya kusoma pekee, kisha hakiki kwa "kubectl auth can-i delete pods". Jibu unalolitaka hapo ni "no".