Fahamu Mpira wa Magongo wa Ukumbini, Mchezo Usiohitaji Nyasi wala Maji

Dodoma – Mpira wa magongo unaochezwa nje katika ngazi ya kimataifa huhitaji uwanja wa nyasi bandia wenye urefu wa mita 91.4 na upana wa mita 55, ambao kwa kawaida humwagiwa maji kabla ya mchezo. Kwa mikoa ya uwanda wa kati kama Dodoma, yenye msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu, sharti hilo ni zito.

Hata hivyo, upo mchezo wa aina hiyo unaochezwa ukumbini, nao una Kombe lake la Dunia chini ya Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Magongo (FIH). Mashindano ya kwanza yalifanyika Leipzig, Ujerumani, mwaka 2003, ambapo wenyeji walitwaa ubingwa wa wanaume na wa wanawake. Mwaka 2023 yalifika Afrika kwa mara ya kwanza, katika jiji la Pretoria, Afrika Kusini, na mwaka 2025 yakafanyika Poreč, Kroatia.

Kila timu huwa na wachezaji sita uwanjani, akiwemo kipa, badala ya 11. Mchezo una vipindi vinne vya dakika 10 kila kimoja. Mpira husukumwa kwa gongo bila kupigwa kwa nguvu, na hauruhusiwi kuinuliwa isipokuwa mchezaji anapolenga goli. Pembeni huwekwa mbao fupi zinazorudisha mpira ndani, hivyo mchezo hausimami mara kwa mara.

Jambo la msingi kwa Watanzania ni vipimo vya uwanja huo. Mita 40 kwa 20 ndicho kipimo cha uwanja wa mpira wa mikono, mchezo unaofahamika shuleni kupitia UMITASHUMTA na UMISSETA. Kwa hiyo, ukumbi wenye sakafu laini unaotosha mpira wa mikono unaweza kutumika pia kwa magongo, baada ya kuongezewa mbao za pembeni na magoli yenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 2.

Namibia, nchi kame kuliko Dodoma, ni mfano wa karibu. Mji wake wa Swakopmund, ulio kando ya jangwa, uliandaa Kombe la Afrika la ukumbini mwaka 2017, na timu yake ya wanawake ilishiriki Kombe la Dunia Pretoria na Poreč.

Tanzania si ngeni katika mchezo huu. Timu ya Taifa ya wanaume ilishiriki Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 na kushika nafasi ya sita kati ya timu sita. Kwa upande wa ukumbini, njia ya kufika Kombe la Dunia hupitia mashindano ya bara, na maandalizi yake yanaweza kuanzia katika ukumbi wa shule au chuo.