Je, Wajua? Sauti Hujulikana Ilipo kwa Masikio Mawili

Usiku wa Jumamosi, Tandale au Tandika, kigodoro kikipigwa mtaa wa tatu, kinachoingia ndani kwanza ni besi. Bati linatetemeka, glasi zinagongana kabatini, lakini ukimwuliza aliyelala humo shughuli iko upande gani, atabaki kukisia. Akitoka nje na kusogea kidogo, anaanza kuisikia sauti ya MC na vile vinanda vikali vya singeli, na papo hapo ananyoosha kidole: kule. Besi ilikuwa na nguvu kuliko vyote, na bado haikumwonyesha njia. Sababu iko kwenye upana wa kichwa chake.

Jicho hupokea picha yenye kulia na kushoto, juu na chini. Sikio halina bahati hiyo. Linachopata ni msukumo wa hewa unaoingia na kutoka, basi. Ndani ya sikio moja hakuna ramani ya mtaa. Ramani hutengenezwa na ubongo, kwa kulinganisha kilichofika sikio hili na kilichofika lile.

Katika joto la Dar es Salaam sauti husafiri hewani kwa kasi ya mita 350 hivi kwa sekunde. Bodaboda akipiga honi kushoto kwako, mlio unafika sikio la kushoto, kisha unalazimika kuzunguka kichwa, sentimita 20 na ushee, ndipo ulipate la kulia. Uchelewaji huo ni kama sehemu 7 kati ya elfu kumi za sekunde. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kabisa ambayo kichwa cha mtu mzima kinaweza kuipata, nasi hatuhitaji hata kubwa hivyo. Kwenye shina la ubongo kuna seli zinazopokea habari za masikio yote mawili kwa pamoja, na msikilizaji mwenye masikio mazuri huweza kutambua tofauti ya sehemu moja ya laki moja ya sekunde. Maana yake ni kwamba mtu akiwa mita 10 mbele yako gizani, akasogea pembeni chini ya shubiri moja huku akiongea, unaweza kujua kwamba amesogea. Kwangu mimi hakuna kipimo mwilini kinachostaajabisha zaidi ya hiki.

Dalili ya pili ni kivuli. Milio mikali ina mawimbi mafupi, na kichwa huyazuia, hivyo sikio la upande wa pili hupata sauti iliyofifia. Besi haizuiliki. Mlio wa mitetemo 50 kwa sekunde una wimbi la urefu wa mita 7, nalo hukipita kichwa kama mawimbi ya bahari yanavyozipita nguzo za gati pale Feri. Masikio yote mawili yanapata nguvu ileile. Saa ya ubongo ingeweza kusaidia, ila wimbi refu namna hiyo hupanda na kushuka polepole, halina ncha ya kupimia. Tena ukuta, mlango na bati navyo vimeshaanza kuvuma, na aliye chumbani anazungukwa na besi kila upande. Sauti ya MC na vinanda, ambazo zingemsaidia, zimemezwa na kuta za majirani njiani.

Aliyezipambanua dalili hizi mbili ni Lord Rayleigh wa Uingereza, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1904. Alikuwa akisimama bustanini kwake, amefumba macho, wasaidizi wamemzunguka, kisha anaotea nani ameongea. Kwa sauti za watu alijua hata aliye mbele na aliye nyuma. Lakini walipotumia vyuma vyenye umbo la uma, vinavyotoa mlio mmoja mtupu, alitofautisha kulia na kushoto tu. Mbele na nyuma vilimchanganya. Mwaka 1907 aliandika kwamba milio mizito huelekezwa na tofauti ya wakati, na mikali na tofauti ya ukubwa wa sauti.

Mkanganyiko ule wa mbele na nyuma unaueleza mwenyewe ukiutafakari: kitu kilicho mbele yako katikati, na kilicho kisogoni katikati, vyote viko umbali sawa na kila sikio. Hakuna cha kulinganisha. Hapo ndipo mikunjo ya sikio la nje inapofanya kazi. Kila mlio unaoingia hugonga mikunjo hiyo, na kulingana na ulikotoka, baadhi ya milio mikali hupunguzwa na mingine hukuzwa. Mwaka 1998 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, waliwawekea watu vipande vilivyobadilisha umbo la masikio yao. Mara moja wakapoteza uwezo wa kujua sauti iko juu au chini, ingawa ule wa kujua kulia na kushoto walibaki nao. Wakaachiwa waishi hivyo hivyo, na baada ya wiki kadhaa ubongo ulikuwa umeyazoea masikio mapya. Vipande vilipotolewa, yale ya zamani nayo yalifanya kazi bila kujifunza upya. Kumbe kila mmoja wetu ameyasoma masikio yake mwenyewe, na ya jirani yasingemfaa.

Sasa nenda Mwananyamala alfajiri. Msikiti una spika kadhaa mnarani, zimeelekezwa pande tofauti, na adhana ile ile inatoka kwenye zote na kurudi kwenye kuta. Mbona unasikia sauti moja kutoka sehemu moja? Ubongo huupa mlio uliofika wa kwanza haki ya kusema sauti ilikotoka, na nakala zinazofuata ndani ya sehemu 30 hivi za elfu ya sekunde huzimeza humo humo. Kwa mwendo wa sauti, hizo ni kama mita 10. Nakala ikichelewa zaidi ya hapo sana, ndipo unapousikia mwangwi, na adhana ya msikiti wa mbali inapojitenga na ya karibu.

Vipimo hivi ndivyo vinavyoibana stirio mtaani. Wazo lenyewe, la kuzipa pande mbili sauti zinazotofautiana, ni la zamani: mwaka 1881 Clément Ader aliweka vipaza sauti ukingoni mwa jukwaa la Opera ya Paris, na watu kwenye maonyesho ya umeme wakasikiliza kwa simu mbili, moja kila sikio, wakahisi waimbaji wakitembea. Lakini stirio ya spika mbili tunayoijua ni ya Alan Blumlein, mhandisi wa EMI, aliyeiombea hataza Desemba 1931. Inasimuliwa kuwa alikerwa akiwa sinema: mwigizaji yuko upande huu na sauti inatoka ule. Alikufa mwaka 1942 kwenye ajali ya ndege akijaribu rada, kabla santuri za stirio hazijafika madukani mwishoni mwa miaka ya 1950.

Waliokulia kwenye vibanda umiza vya Manzese na Mbagala wanaweza kumjibu Blumlein. Televisheni iko mbele, spika iko kona nyingine, na juu ya filamu yenyewe kuna sauti ya mtafsiri wa aina ya Lufufu akiwasemea waigizaji wote. Dakika chache tu, na maneno yanaonekana kutoka mdomoni mwa mwigizaji. Macho na masikio yakipingana kuhusu mahali, kwa kawaida macho hushinda.

Stirio ni ujanja mzuri, lakini unamtaka msikilizaji akae katikati ya spika mbili. Sauti ikiwa sawa kwenye zote, unamsikia mwimbaji katikati yazo, mahali pasipo na kitu. Sogea mita moja kuelekea spika ya kulia na mwimbaji anahamia huko pamoja nawe, kwa kanuni ile ile ya aliyefika kwanza. Kwenye kigodoro watu wamejaa kila upande, na fundi akiweka kinanda kulia peke yake, nusu ya mtaa itakikosa. Ndiyo maana kupeleka muziki mmoja kwenye spika zote ndiyo akili ya kazi, wala si ushamba. Na kwa singeli kuna tatizo jingine: wimbo wa mapigo 200 kwa dakika una pigo moja kila sehemu 3 za kumi za sekunde. Spika iliyo mita 105 mbali zaidi inakuletea pigo zima nyuma. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, muziki uliozaliwa kwa ajili ya vichochoro ulifika masikioni mwa watu waliousikiliza peke yao ndani ya vyumba vyao.

Spika za masikioni zina mambo yake. Sikio la kushoto halisikii kabisa kilicho kulia, mikunjo ya nje imerukwa, na ukigeuza kichwa bendi nzima inageuka nawe. Ubongo unahitimisha kwamba wanamuziki wako ndani ya fuvu. Dawa ni kurekodi kwa vipaza sauti vidogo viwili vilivyowekwa kwenye matundu ya masikio, ya sanamu ya kichwa au ya mtu hai. Tembea hivyo sokoni Tandale na atakayesikiliza kwa spika za masikioni atageuka mwuza mitumba akimwita kisogoni.

Kwenye daladala utawaona wanafunzi wawili wakigawana spika hizo, kila mmoja na upande wake. Kila mmoja anapata nusu ya wimbo, na pengine gitaa limeangukia kwa mwenzie. Kwa aliyepoteza usikivu wa sikio moja, labda kwa usaha uliompata utotoni na haukutibiwa, ndivyo nyimbo zote zilivyo, na barabara ni ngumu zaidi: honi anaisikia vizuri, asijue aruke upande gani. Ukiwa naye kwenye kivuko cha Mbagala Rangi Tatu, simama upande wa sikio lake zima. Na kwenye simu yake, fungua mipangilio ya usaidizi wa kusikia, utafute sehemu ya sauti ya mono na uiwashe. Pande mbili za wimbo zitaunganishwa, na gitaa lililokuwa likimpita miaka yote atalisikia.