Joto Linamwagwa Wapi?

Sogeeni, wapwa zangu. Huko juu, kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, iko darubini iitwayo James Webb. Ilirushwa tarehe 25 Desemba 2021. Ndani yake mna kifaa kiitwacho MIRI. Kazi yake ni kunasa miale ya joto inayotoka kwenye nyota na mavumbi ya mbali mno. Sasa, kifaa chenyewe kikiwa na joto, kitaona nini? Kitajiona chenyewe! Ndiyo maana kinapozwa hadi chini ya nyuzi -266.

"Mjomba, kwani angani si kuna baridi tayari?"

Hongera, mpwa wangu, hilo ndilo swali! Darubini ina mwavuli wa tabaka tano, mpana kama uwanja wa tenisi. Kivulini mwake ni kama nyuzi -233. Kwa MIRI, hapo bado panaunguza.

"Basi wanaitia baridi?"

Hakuna anayetia baridi. Joto ndilo linalotolewa. Ni kama mtumbwi unaovuja. Unachota maji, unamwaga. Unachota, unamwaga. Lakini ukiyamwagia humo humo mtumbwini? Utachota mpaka Idi! Na kuna balaa jingine: mchotaji naye anatoka jasho, na jasho linadondokea ndani.

Mchotaji wetu ni gesi. Hebu aseme mwenyewe: "Mimi ni Heliamu. Kompresa inanishindilia, napata moto. Napozwa njiani, hatua kwa hatua. Nikikaribia MIRI napenya tundu dogo, natanuka, napoa kabisa. Nachukua joto lake, narudi."

Na jasho? Kompresa ikifanya kazi inachemka, kama kompresa yoyote ya friji. Kwa hiyo mafundi waliiweka mbali na MIRI, ng'ambo ya mwavuli, upande wa jua. Joto lake linapelekwa kwenye rejeta. Angani hamna upepo wa kuipuliza, basi joto linaondoka lenyewe kama miale isiyoonekana, likatokomea gizani. Rejeta ikishindwa kulimwaga, na MIRI haipoi.

"Mjomba, Heliamu hataisha?"

Mmeniweza leo! Darubini iliyotangulia, Spitzer, ilibeba heliamu ya majimaji. Ilikuwa ikigeuka mvuke na kutoka nje kidogo kidogo, hadi mwaka 2009 ikakauka. Huyu wa James Webb yumo ndani ya bomba lililofungwa. Anachota, anamwaga, anarudi tena.