Kwa Nini Nyama za Jiko Moja Hazifanani?

Msafiri atokaye Kampala kwenda Jinja, katika nchi ya jirani zetu wa Uganda, hupita soko la Namawojjolo. Magari yakisimama, wauzaji huyakimbilia wakiwa na kuku na nyama za vijiti, pamoja na gonja, yaani ndizi za kuchoma. Nyama hiyo huko huitwa muchomo, neno ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa.

Katika mikahawa ya muchomo, kama katika ile ya nyama choma kwetu, wateja hulalamika: kuku ni mtamu, lakini ng'ombe wa jiko lile lile hatafuniki. Lawama zote humwangukia mchomaji. Je, ni haki?

Kwanza, tutazame kiungo. Misuli ifanyayo kazi nyingi, kama ya shingo, bega na miguu, ina utando mweupe mwingi. Utando huo hulainika ukipikwa polepole kwa saa kadhaa, katika joto la digrii 70 za sentigredi au zaidi. Moto mkali wa dakika chache hauwezi kazi hiyo. Huikausha nyama tu. Sarara haina utando mwingi, kwa hiyo huiva upesi na kubaki laini.

Pili, umri. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na majuma sita au saba, na kuku wa kienyeji huwa ametembea miezi mingi. Ng'ombe mzee naye hawi kama ndama.

Tatu, wakati wa kuchinja. Mnyama akifa, misuli yake hukakamaa. Baadaye hulegea yenyewe. Ng'ombe aliyechinjwa asubuhi akachomwa jioni huliwa katika saa za ugumu wake. Penye friji nyama yaweza kungoja siku kadhaa. Pasipo na friji itaoza.

Nne, moto wenyewe. Maini yataka muda mfupi, na paja la kuku lataka kuiva mpaka mfupani. Mchomaji hodari hurundika makaa upande mmoja wa jiko na kuyapunguza upande wa pili, ili kila nyama ipate moto wake. Asiyefanya hivyo ndiye astahiliye lawama.

Ugumu huchosha meno tu, lakini ubichi na uchafu huleta maradhi. Basi kuku akiwa mbichi ndani, mrudishe motoni bila haya. Nyama iliyokaa vuguvugu kwa saa nyingi, au iliyowekwa katika sinia lililobeba nyama mbichi, iache hata kama inanukia vizuri.

Kabla hujatoa shilingi zako, uliza: ni kiungo gani, na kilichinjwa lini? Kama jibu ni bega la ng'ombe wa leo, agiza mchuzi.