Deni Lililofutika Daftarini

Aya iliyo ndefu kupita zote katika Qur'ani Tukufu yahusu kuandika deni. Nayo ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambamo Mwenyezi Mungu awaamrisha waumini waandike deni la muda maalumu, liwe dogo au kubwa, bila ya kuchoka. Wazee wetu wa Kariakoo waliitii kwa kalamu na daftari la jalada gumu. Leo wenye maduka wengi wa Mtaa wa Kongo na wa Msimbazi hutia hesabu zao katika kompyuta, na kidole kimoja chaweza kufuta haki ya mtu.

Aliyefuta kwa bahati mbaya aache kwanza kuandika. Aghalabu programu haiyaondoi maandishi pale pale. Hutia alama tu kwamba mahali pale pa wazi, na ya kale hubakia mpaka mapya yaje kukaa juu yake. Basi kila ankara itiwayo baadaye huenda ikaizika ile iliyopotea. Kisha, kabla ya kurudisha nakala ya akiba ya juzi, achukue nakala ya hesabu kama zilivyo sasa, hata zikiwa na upungufu. Hapa ndipo wengi huangamia: hurudisha ya juzi juu ya hizi, wakapata walichokifuta na kupoteza mauzo ya jana.

Asiyekuwa na nakala hana budi kuzijenga hesabu upya kwa stakabadhi za mashine ya kodi, taarifa ya benki na miamala ya simu. Lakini deni la mdomo halimo humo. Hapo hubaki mashahidi, nao aya ile imewataja pamoja na mwandishi.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 liliungua soko kuu la Kariakoo, jengo alilolisanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975. Moto hauchagui baina ya karatasi na kompyuta. Na nakala iliyo katika mtoto wa meza, chini ya kompyuta ile ile, kwa maoni yangu ni pambo tu. Nakala ziwe tatu: ya kazi, ya pili katika diski nyingine, na ya tatu ilale mbali, Magomeni au Temeke, au katika hifadhi ya mtandao, nayo ifungwe kwa neno la siri, kwani madeni ya watu ni amana. Kila mwezi nakala hiyo ifunguliwe katika kompyuta nyingine, ionekane kama yasomeka.

Tena yafaa kuchagua programu ibatilishayo ankara pasipo kuifuta, ikaandika nani kabatilisha na saa ngapi. Na kila mfanyakazi awe na jina lake. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 nayo yataka hesabu zitunzwe miaka 5.

Daftari la karatasi lisitupwe. Madeni makubwa yaandikwe humo kila mwisho wa mwezi, mdaiwa atie saini, na mtu mmoja wa nyumbani ajue lilipo, ili mwenye duka akifa warithi wapate kulipa na kulipwa.