Mkataba wa bahari ya wote: jodari hayumo, vinasaba vimo

MKATABA wa Umoja wa Mataifa wa kulinda viumbe wa bahari iliyo nje ya mamlaka ya nchi yoyote ulianza kutumika Januari 17, 2026, siku 120 baada ya idadi ya nchi zilizouridhia kutimia 60. Wafanyabiashara wa samaki na wawekezaji wadogo wa pwani ya Afrika Mashariki wana sababu ya kuuliza kama leseni na bei zitaguswa.

Kwanza kuna mkanganyiko wa maneno wa kuondoa. Nchini Tanzania, leseni ya "uvuvi wa bahari kuu" hutolewa na mamlaka yenye makao yake Fumba, Zanzibar, na maji yanayohusika ni ya Ukanda wa Kiuchumi, yaani hadi maili 200 za baharini kutoka pwani. Hayo ni maji ya Tanzania. Mkataba mpya unahusu yanayoanza baada ya hapo, karibu theluthi mbili ya bahari yote duniani, ambayo kwa Sheria ya Bahari ya mwaka 1982 ni ya wote. Kwa hesabu za soko, ya wote imemaanisha ya mwenye meli kubwa.

Jodari naye hajui mpaka. Leo yuko maili 150 kutoka Mafia, wiki ijayo yuko nje kabisa, na anayemvua huko nje anapunguza mzigo wa anayemsubiri ndani. Kwa hiyo wengi walitarajia mkataba huu ungemgusa. Haukumgusa moja kwa moja. Wajumbe walikubaliana kwamba vyombo vilivyopo visiingiliwe, na kwa jodari wa Bahari ya Hindi chombo hicho ni Kamisheni yenye makao yake Victoria, Shelisheli. Mkutano wa nchi wanachama wa mkataba mpya unaweza kutenga hifadhi, lakini penye mamlaka ya Kamisheni utaishia kutoa mapendekezo.

Udhaifu wa mpango huo ulishaonekana Mombasa. Februari 2023 Kamisheni ilikutana huko na kupitisha kwa kura katazo la siku 72 kila mwaka kwa vielea ambavyo meli kubwa za nyavu huviachia baharini ili jodari, wengi wao wachanga, wakusanyike chini yake. Wanachama kadhaa, Umoja wa Ulaya ukiwemo, waliweka pingamizi, na kwa kanuni za Kamisheni anayepinga hafungwi na uamuzi. Kura ilishinda ukumbini, baharini mambo yakabaki yalivyokuwa.

Mkataba mpya nao una mlango wa pingamizi, ila ni mwembamba zaidi. Hifadhi inaweza kupitishwa kwa robo tatu ya kura pale maafikiano yanaposhindikana. Asiyeridhika ana siku 120 za kupinga, lazima atoe sababu zinazokubalika kimkataba, na pingamizi hufa baada ya miaka mitatu asipolihuisha. Marekani, ambayo haijawahi kujiunga hata na Sheria ya 1982, ilitia saini tu mwaka 2023, na saini bila kuridhia haiifanyi kuwa mwanachama.

Mahali ambapo fedha mpya zinaweza kupita ni kwenye vinasaba, yaani chembe za urithi za sponji, bakteria na viumbe wengine wa kilindini ambazo viwanda vya dawa, vipodozi na vyakula huzitafuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kampuni moja ya Ujerumani, BASF, ilikuwa imesajili asilimia 47 ya mifuatano yote ya vinasaba vya viumbe wa baharini iliyokuwamo kwenye hataza. Hesabu hiyo ni ya bahari zote, si ile ya nje peke yake, lakini inatosha kuonyesha nani aliwahi sokoni.

Sasa anayekwenda kukusanya sampuli katika bahari ya wote anatakiwa kutoa taarifa miezi sita kabla, au mapema iwezekanavyo, na faida itakayopatikana igawanywe. Kwa kuanzia, nchi tajiri wanachama zitachangia mfuko maalum kila mwaka kiasi sawa na nusu ya ada zao za uanachama. Hizo si fedha nyingi. Kiwango cha malipo kutokana na mauzo ya bidhaa zenyewe hakikuandikwa. Kiliachiwa mkutano wa wanachama, ambao wa kwanza ulipangiwa kufanyika ndani ya mwaka mmoja tangu mkataba uanze kutumika.

Kwa hiyo mwenye fedha zake katika jodari aendelee kufuatilia vikao vya Kamisheni ya Victoria, hasa orodha ya wanaopinga baada ya kura.