Jumong alivyotugombanisha Kilosa

KAMA hujawahi kuona wanawake wazima wananuniana kwa ajili ya wake wa Mkorea, basi ulikosa kuja kwa dada yangu, Mkwatani pale Kilosa, wakati Jumong imepamba moto. Mie nilidhani tunaangalia mapanga na mishale. Kumbe wenzangu wanaangalia ukewenza!

Kwa wachache ambao haikuwapitia: Jumong ni tamthiliya ya vipande 81, iliyorushwa na televisheni ya MBC ya Korea Kusini kuanzia 2006 hadi 2007. Stelingi ni Song Il-gook, na hadithi yenyewe ni ya yule anayesemekana aliasisi ufalme wa Goguryeo mwaka 37 kabla ya Kristo. Sisi tuliipata kwenye sidii, imeshatafsiriwa na madijei wetu kwa staili ile ile ya Lufufu: anaeleza, anatia chumvi, halafu anacheka utani wake mwenyewe. Umeme ukikatika, ubishi unaendelea gizani.

Dada alinaswa mapema. Mama yake Jumong, Yuhwa, anaishi kwenye kasri la mfalme Geumwa kama bi mdogo, na malkia hataki hata kumwona. Halafu kuna yule kipofu, Haemosu, anayemfundisha kijana kupigana bila kijana kujua kuwa ndiye baba yake mzazi. Siku anauawa, mama mmoja jirani alilia mpaka akasahau maharage jikoni. Yakaungua yote.

Kasheshe yenyewe iko mwishoni. Jumong anampenda Soseono, binti wa mfanyabiashara, mwanamke wa misafara na hesabu. Mambo yanakwenda kombo: Jumong anamwoa So-ya, Soseono anaolewa kwingine. Mume wa Soseono anafariki. So-ya anapotea na mwanae Yuri, watu wanajua wamekufa. Basi wapenzi wa zamani wanaoana. So-ya anatokea, anaikuta harusi, anageuza kimya kimya na mtoto wake. Wacha we! Miaka inapita, anapatikana. Sasa nani akae, nani aondoke?

Aliyeondoka ni Soseono. Alibeba wanawe wawili na watu wake kuelekea kusini, ambako Onjo, mmoja wa hao wanawe, ndiye anayetajwa kuasisi Baekje.

"Afadhali," dada akasema. "Mwenye nyumba karudi, mgeni aage."

Mie nikabisha. Mgeni gani? Ukoo wa Soseono ndio uliotoa mali na watu mpaka ufalme ukasimama! Dada akanikata jicho, na siku mbili hakunisemesha. Hapo nikajua hatuongelei Wakorea.

Shemeji ni dereva wa lori, njia ya Zambia. Na Mikumi mnaijua, malori yanapumzika pale kabla au baada ya kukatiza mbuga. Yeye alipumzika mpaka akajenga nyumba ya pili.

Kinachoniudhi ni Jumong mwenyewe. Anatokwa machozi, watazamaji wanamhurumia, yamekwisha. Hakuna anayemkalisha kitako amwulize: ulikuwa unawazaje, bwana mkubwa? Wanawake ndio wanaoamua, wanaofunga mizigo, wanaomeza. Shemeji alikipenda sana kipande hicho, akasema kinafundisha hekima. Nilitoka nje nisije nikamjibu vibaya mkubwa wangu.

Baadaye ukatokea msiba upande wa shemeji, huko huko Mikumi. Tukapanda basi na dada, tukapita Ulaya (siyo ya Wazungu, hii ni ya wilaya yetu), dada kimya njia nzima. Kufika tu, wenye msiba bila kujua wakamkalisha mkeka mmoja na bi mdogo, wamenye vitunguu.

Mie roho juu. Walimenya karibu beseni zima hakuna neno. Mwisho bi mdogo, binti mdogo kweli, akauliza kwa adabu eti dada kaiona Jumong? Yeye sidii ya mwisho ilikuwa na mikwaruzo, ikagoma.

"Hivi dada, Soseono alibaki?"

Dada akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Vitunguu vile vilikuwa vikali. Akamhadithia kuanzia So-ya anaikuta harusi, taratibu, hakuruka kitu, na mie nikasogea kuwasaidia kumenya.